Konde la Jumanne

Asubuhi ya kupimwa, mabondia arobaini walipanga foleni katika ukumbi wa michezo wa Alma-Ata wakiwa na chupi tu, kila mmoja kashika kitabu chake. Kitabu hicho humfuata bondia wa Muungano wa Kisovieti kila aendako. Mna mapambano yake, ushindi wake, na mna ukurasa wa kuandikwa kila alipopoteza fahamu, iwe ulingoni, iwe mazoezini. Ukiandikwa humo, unapumzika miezi sita, upende usipende.

Ukurasa huo katika kitabu cha Dauren Seitkaliev ulikuwa mweupe, na weupe wake ndio uliomnyima usingizi kocha wake, Savely Ignatyevich Korzun. Jumanne iliyopita, huko kwao Karaganda, kwenye ukumbi wa mazoezi wa wachimba makaa, Dauren alipigwa konde moja tu akalala chali. Wa kuandika alikuwa Savely. Hakuandika. Aliwaambia vijana wafunge midomo, akampa Dauren chai, kisha akaenda nyumbani akijichukia.

Msiwe wepesi wa kumlaumu. Dauren alikuwa na miaka ishirini na saba, na mshindi wa hapa ndiye angekwenda Moscow kugombea nafasi katika timu ya Muungano. Baada ya miezi sita nani angemkumbuka? Na Savely mwenyewe, mwenye medali ya fedha ya mwaka hamsini na tano, alikuwa amefundisha miaka kumi na minne, na alibakiza bingwa mmoja tu apewe na serikali cheo cha Kocha Mstahiki. Ndugu Shubin wa kamati ya michezo alikwisha kumnong'oneza kwamba karatasi za cheo hicho ziko tayari.

"Aga, mbona umenuna?" Dauren aliuliza. Alikuwa akimwita hivyo, kama Wakazakhi wanavyomwita kaka mkubwa, ingawa Savely alikuwa Mrusi. "Uzito uko sawa. Nimebakiza hata gramu za kunywea chai."

"Kichwa je?"

"Kipo. Si hiki hapa juu ya shingo?"

"Sikutanii."

"Kinauma kidogo. Njaa hiyo. Nilishakwambia, siku ile niliteleza. Sakafu ilikuwa na maji, kila mtu alisema."

Sakafu ilikuwa kavu kabisa. Tena Savely aliona jinsi Dauren alivyoyapa mgongo madirisha, kwa sababu mwanga wa theluji ulimkera macho. Foleni ikasogea.

Ndugu Shubin akapita, akampiga begani. "Savely Ignatyevich, keshokutwa tunakunywa, au siyo?"

"Tukijaliwa."

"Tujaliwe na nani tena? Mpange kijana wako vizuri, basi."

Ndani ya chumba cha uchunguzi alikaa Daktari Roza Albertovna, mwanamke wa miaka sitini ambaye enzi zake alimshona Savely nyusi mara mbili. Alimmulika Dauren machoni kwa tochi, akampitishia kidole kushoto na kulia. Kidole kilipokwenda kushoto, jicho lilichelewa kidogo. Labda lilichelewa. Savely alishusha pumzi na daktari akafungua kitabu.

"Mazoezini amepata kuanguka?" aliuliza bila kuinua kichwa, kama alivyowauliza wote.

"Hapana, daktari," Dauren akadakia.

"Sikukuuliza wewe. Wewe ungesema hapana hata ukiwa ndani ya jeneza. Namwuliza kocha."

Nje mizani iligongwa, jina la mtu likaitwa. Savely alikuwa na neno moja la kusema, nalo lilikuwa jepesi. Makocha wangapi wamelisema wakaenda zao kula! Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa ulingoni.

"Ndiyo," alisema. "Jumanne. Alizimia."

"Anatania," Dauren alisema.

"Sekunde ngapi?" daktari aliuliza.

"Sikuhesabu. Nilikuwa nakimbia kumfikia."

Daktari akachukua kalamu. Dauren akaiangalia ile kalamu, akamgeukia Savely, na uso wake ukawa mwekundu hadi masikioni.

"Si wewe unayetuhadithia kila mwaka? Tashkent, mwaka hamsini na sita. Uliangushwa mazoezini Jumatatu, Jumapili ukapanda ulingoni, ukasimama raundi zote tatu na pua imevunjika! Wewe ulisimama. Mimi kwa nini nisisimame? Au una medali yako ya fedha, unaogopa mwanafunzi asije akapata dhahabu?"

Neno hilo lilimchoma Savely. Na hakuwa na wa kumlaumu, maana mdomo wake mwenyewe ndio uliomponza. Hadithi hiyo aliisimulia akijipiga kifua, na vijana waliipenda kuliko zote.

"Pambano lile mimi silijui, Dauren."

"Hulijui vipi?"

"Nilihadithiwa, nikatia chumvi yangu. Nakumbuka nikifungwa glovu. Kisha nakumbuka muuguzi ananiuliza jina la mama yangu."

"Ukamjibu?" daktari aliuliza.

"Siku ya tatu."

Roza Albertovna akaandika mistari miwili, akagonga muhuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aliyeyasema naye hapewi zawadi. Karatasi za Shubin zingerudi kabatini, na Savely alijua kwamba safari hii hazitatoka tena. Dauren alikinyakua kitabu, akavaa suruali yake bila kumtazama mtu, akatoka.

Savely alimkuta kwenye ukumbi mwembamba wa nje, kasimama na uso ukutani. Alijitayarisha kutukanwa, hata kupigwa, na asingejikinga.

"Aga," Dauren alisema kwa sauti ndogo, bila kugeuka. "Ni mkono gani ulionipiga?"

Savely akaelewa. Mtu huyu hakuteleza, wala hakumbuki. Yale maji sakafuni aliambiwa na wenzake, naye akayashika wiki nzima kwa hofu, bila kuthubutu kumwuliza mtu yeyote.

"Wa kulia," alisema.

Dauren alifikiri. Polepole mkono wake wa kushoto ukapanda hadi shavuni, mahali ulipotakiwa kuwa siku ile.

"Basi nilikuwa nimeushusha."

"Uliushusha," Savely alisema, akamshika kiwiko.