Ukuta wa Darasa la Kwanza

Jumamosi moja kabla shule hazijafunguliwa, mwalimu mpya wa darasa la kwanza alipiga magoti katikati ya chumba chake ili akione kama atakavyokiona mtoto wa miaka sita. Picha zote zilikuwa juu mno. Kitu pekee kilichokuwa usawa wa macho ya mtoto kilikuwa msumari wa kuning'inizia fimbo. Aliung'oa kwa koleo. Akazishusha picha, akasugua madawati kwa msasa mpaka yakaacha kuchoma mapaja, akabandika jina la kila mtoto mahali pake. Dada yake, fundi cherehani, alimshonea mito sita kwa mapazia chakavu, huku akimwambia kwamba anakwenda kuwadekeza watoto wa watu.

Shule ilipofunguliwa alisimama mlangoni, na kila mtoto akachagua kupewa mkono au kukumbatiwa. Mmoja hakuchagua. Aliitwa Kidoti kwa sababu ya doa lililokuwa shavuni, na alikuwa anarudia darasa. Mwaka uliotangulia mwalimu wa nidhamu alimpiga vidole kwa rula ya chuma, na kidole cha shahada hakikukunjika tena. Kidoti alipita moja kwa moja akaingia chini ya dawati, akakaa huko siku tatu. Mwalimu hakumtoa. Alimpelekea daftari huko huko, na siku ya tatu naye akajipenyeza chini wakala pamoja chakula cha mchana. Siku ya nne Kidoti alitoka mwenyewe akaketi kwenye mto.

Siku hiyo hiyo aliingia mwalimu wa nidhamu, ambaye shule nzima ilimwita Radi. Alikuwa amesikia vicheko dirishani. Aliuliza ni nani aliyeanza, akamchukua aliyekuwa karibu. Fimbo ilishuka kwenye kiganja cha Kidoti mara nne, ikalia kama inavyolia siku zote. Kidoti alisubiri maumivu, hayakuja. Nyuma yake, juu ya chati ya namba, ukuta ulivimba milia minne myekundu, kila mmoja urefu wa fimbo.

Radi aliutazama. Akampiga mtoto mwingine begani ili kuhakikisha, na ukuta ukavimba kando ya dirisha.

"Chumba chako kinapokea," alimwambia mwalimu, akaenda kumwarifu mkuu wa shule.

Mhudumu wa usafi alishauri ukuta ukandwe kwa maji ya chumvi.

Mkuu alikuwa mtu wa taratibu, tena muhula uliopita wazazi watatu walikuwa wamemletea vyeti vya hospitali. Alibandika ratiba: madarasa yote yatachapiwa katika chumba cha darasa la kwanza, kila darasa na siku yake, masomo yakiendelea. Mwalimu alimfuata ofisini.

"Watoto wangu wanakaa mle," alisema.

"Hakuna anayeumia, mwalimu."

"Wanaogopa."

"Sijawahi kuletewa cheti cha hospitali cha kuogopa," mkuu alisema, akamwomba afunge mlango akitoka.

Kwa kuwa hakuna aliyeumia, hapakuwa na sababu ya kupunguza mkono. Viboko vinne vikawa kumi, kumi vikawa thelathini. Fimbo zilipokwisha kuvunjika, Radi alihamia kwenye mpira wa maji, kisha mguu wa kiti. Wakubwa wa darasa la saba aliwapiga mateke. Mama yake Kidoti aliitwa aone ngozi ya mwanawe ilivyo safi. Aliigeuza mikono ya mtoto huku na huku, akasema basi wampige tu, maana nyumbani amezidi utundu.

Ukuta ulikuwa wa zambarau mpaka kwenye dari. Ulichanika karibu na ubao, damu ikashuka hadi kwenye mito. Watoto wa darasa la kwanza walijifunza kuhesabu katikati ya vishindo hivyo. Wakati wa mapumziko waliupaka mafuta waliyoyaiba kwa mama zao na kuufunga bendeji. Kila Jumatatu ulikuwa na homa, wakafungua madirisha.

Jumatano moja mwalimu alisimama mlangoni akakataa kupisha. Mguu wa kiti ulimpata kwenye mtulinga, na kwa kuwa alikuwa nje ya kizingiti, mfupa uliovunjika ulikuwa wake.

"Ungerudi hatua moja ndani," Radi alimwambia, na alisikitika kweli, kisha akapita.

Mwalimu alirudi baada ya wiki tatu, mkono ukining'inia shingoni. Kesho yake, saa nne asubuhi, mvulana wa darasa la sita akiwa amefika kiboko cha sitini, ukuta uliegemea nje. Ulingoja watoto wote watoke, ndipo ukaanguka. Kidoti aliuliza kama umekufa. Mwalimu akasema ndiyo. Walikaa uwanjani wakaulilia mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Mkuu aliliunganisha darasa la mwalimu na darasa la pili. Alimsifu, akamwomba akiandae chumba cha darasa la pili kama alivyokiandaa kile.

Mwalimu aliingia, akapiga magoti, akawasalimu wenyeji wa chumba. Watoto arobaini walisimama wakanyoosha mikono, viganja juu, wakafumba macho. Alikwenda kwa wa kwanza akamshika mkono. Mtoto akazidi kuyafumba macho.

"Huyu anasalimia tu," Kidoti alimwambia. "Fumbua macho."

Alikuwa amefika kwa mtoto wa tisa Radi alipochungulia dirishani na kuuliza chumba kitakuwa tayari lini.

"Bado hawajanizoea," mwalimu alisema, bila kuuachia mkono aliokuwa ameushika.

Radi alisema hana haraka. Akaenda darasa la tatu, ambako kuta zilikuwa kuta tu, akaanza na safu ya mbele.