Kofia ya Darcy

Ng'ombe walikuwa wameanza kutawanyika vichakani, na sisi na ndege yetu ya kuwaswagia bado tuko chini. Darcy, mume wa dada yangu, alikata mafuta, injini ikazima, akashuka anatabasamu.

"Nimezima cheche za kushoto kuijaribu, injini haikupunguza kasi hata kidogo. Kama mpya, shemeji."

Hiyo haikuwa habari njema. Kila silinda ina plagi mbili, na kila upande una magneto yake ya kutoa cheche. Ukizima upande mmoja, kasi lazima ipungue. Isipopungua, upande huo haujazimika, na mtu akiisukuma propela kwa mkono, injini inaweza kuwaka ghafla na propela ikamkata.

Darcy alikuwa tayari ameivua kofia. Huitundika kwenye propela kila tunapokunywa chai, kisha huizungusha propela ili kofia ikae kivulini.

"Usiiguse propela," nilimwambia.

"Ng'ombe wanaondoka, wewe unagombana na kofia?"

"Rudi ndani, washa. Halafu zima kwa ufunguo, usikate mafuta."

"Afadhali nilimuoa dada yako, si wewe," alinung'unika, akaivaa kofia, akapanda.

Injini ikawaka. Nilisimama pembeni, vumbi jekundu likinijaa mdomoni. Darcy aligeuza ufunguo, akauchomoa, akaupunga dirishani kunicheka.

Propela iliendelea kuzunguka.

Alinitazama, akautazama ufunguo. Kisha akaivua kofia, akaiweka mapajani na kuishika kwa mikono yote miwili.