Kichwa cha Samaki wa Hortense

Soko zima la Kampemba linajua kwamba mimi Amida nina mdomo. Najua, wala sioni haya. Mume wangu alipokufa, mdomo huu ndio ulioniuzia samaki, na aliyeweza kuunyamazisha alikuwa mmoja tu: Hortense, jirani yangu, Mkasai muuza vitambaa. Alikuwa akiniambia, "Amida, nyamaza kwanza, tukule."

Tulikula pamoja kila Ijumaa, sinia moja. Bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mzima. Kichwa kilikuwa chake. Kwetu kichwa hupewa mtu unayemheshimu, na Hortense alikifyonza mpaka mifupa ikalia, mimi nikabaki nacheka.

Halafu Katanga, jimbo letu, ikajitangaza nchi peke yake, na Wakasai, watu wenye asili ya jimbo jirani, wakawa adui. Upuuzi mtupu! Watu waliozaliwa hapahapa! Mlango wa Hortense ulivunjwa mchana kweupe, akakimbilia kambi ya wakimbizi nje ya mji, chini ya askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa. Upande wa pili wa ukuta wangu pakawa kimya. Nikaanza kuongea peke yangu, hata kugombana na paka.

Siku moja nikasikia kwamba treni itawarudisha Wakasai kwao. Lazima tule pamoja kabla hajaenda, nikasema. Lakini samaki wa Kasenga waliotufikia wakati ule, yee mama! Ukifunua mashavu, unakuta bilulu, wadudu wa manjano, wamejikunja ndani ya nyama kama punje za mchele. Donat, anayefunga vidonda kule dispensari, alinieleza: ni minyoo bapa, wanatoka kwa ndege wanaokula samaki, wanaingia kwenye konokono wa majini, kisha kwenye samaki. Ukipika vizuri hawana neno. Sawa, lakini mteja utamwambia nini? Sisi wauzaji tulikata vichwa na kusema madereva wamevikata ili samaki waenee kwenye barafu.

Nikamsafisha samaki wangu, nikakata kichwa, nikapika na nyanya mpaka akaiva kabisa. Kambini Hortense alikuja kwenye uzio wa waya. Alikuwa amekonda, nikajikaza nisilie. Akafunua bakuli.

"Kichwa iko wapi?"

Nyuma yangu walisimama wateja wangu wawili, wamekuja kuuza mikate. Nikawatupia jicho. "Nilikata tu, dada. Kula."

"Ata weye, Amida?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sasa miye niko mugeni kwako?"

Akanirudishia bakuli chini ya waya, akaenda zake. Nilimtukana njia nzima: mtu wa kiburi, mtu asiye na shukrani, kwenda huko! Nilipofika nyumbani, hakuna aliyenijibu. Nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Siku ya treni nilikwenda stesheni. Wanawake wa soko walikuwa wamejaa, wakiuza mikate na karanga kwa wasafiri. Askari walituzuia mbali na mabehewa. Nikamwona Hortense dirishani. Naye akaniona, akageuza uso.

Treni ikapiga honi. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Hortense! Kulikuwa bilulu mu kichwa! Bilulu mingi, manjano! Nilikata sababu sikupenda uone bile! Samaki yote ya soko iko na bilulu!"

Watu wote wakanigeukia. "Amida, una wazimu?" mmoja akanifokea, kijiko cha karanga mkononi. Nilikuwa natazama dirisha.

Hortense aligeuka. Akanitazama, kisha akacheka kile kicheko chake cha kujishika kifua, huku machozi yanamtoka. Akatoa kichwa dirishani, akaniita, akasema neno refu huku akirusha mikono yote miwili. Lakini magurudumu yalikuwa yameshaanza kulia na sikusikia kitu.

Sasa hakuna anayenunua samaki kwangu, na wenzangu wameondoa meza zao karibu na yangu. Wakae nazo. Nauza chumvi. Watu wanapima, wanalipa, wanaondoka. Ijumaa napika sufuria ndogo, nakula nimeuelekea ukuta, na najaribu kukumbuka midomo yake ilivyokuwa pale dirishani. Wakati mwingine najiambia alisema amenisamehe. Wakati mwingine nadhani alinitukana tu, kwa kuchelewa. Lolote lile ningelipokea, mradi ningelisikia.