Maji ya Chai ya Sindano

Haya, tegeni masikio nami nitege kitendawili. Nina mgeni nimemfungia kwenye nyumba isiyo na mlango wala dirisha; ukimbonyeza utosini anapuliza, ukimpasha moto anabomoa nyumba. Ni nani? Fikirini taratibu. Mkishindwa msinipe mji, maana kwa umri huu sina nguvu za kuhama.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, watu wakimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Aliishi na mama yake mzazi, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili na magoti yasiyopatana na baridi. Kaka yake Sindano alisafiri, akamwachia gari lake jekundu, halina hata alama. "Liwashe tu asubuhi betri isife," alimwambia. "Usilitoe nje." Sindano akalitoa, kupeleka mapazia ya mteja. Wakati wa kurudi geti likamlia kioo cha ubavuni: kile kifuniko cha plastiki kinachokaa nyuma ya kioo kikachubuka, weupe ukatokeza kama mfupa.

Siku ya kaka kurudi, Sindano alijifungia stoo. Kifuniko alikwisha kukichomoa, akakisugua kwa msasa, akakipiga rangi ya chini ya kijivu, akanyunyiza maji sakafuni vumbi litulie. Kilichobaki ni rangi nyekundu ya kopo la kupuliza. Muuza rangi alimwambia: kopo likiwa na baridi rangi hutema mate, liloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Na asubuhi ile baridi ilikuwa inang'ata. Akaloweka kopo kwenye sufuria. Maji yakapoa mara moja. Basi Sindano, mtu aliyezoea kurudisha pasi motoni kila ikipoa, akaiweka sufuria jikoni na kopo lake ndani, juu ya moto mdogo wa gesi. "Dakika moja tu," akajiambia. Ah, hiyo dakika moja imeshazika wangapi!

Simu ikalia kule stoo. Akaifuata.

"Mdogo wangu, nimeshashuka, niko njiani," kaka akasema. "Gari langu halijambo?"

Sindano akageuza maneno. "Umekula lakini, kaka?"

"Nimekuuliza gari."

"Sikusikii, mtandao unakatika." Akaikata mwenyewe.

Akakaa kwenye kigoda akikipangusa kifuniko kwa kitambaa, anashona uongo na kuufumua. Aseme mbuzi? Aseme mpira wa watoto wa jirani? Kaka yake mtu wa hasira kimya, na hasira kimya ndiyo mbaya. Alikuwa amefika kwenye mbuzi mara ya pili aliposikia sauti: nga, nga, nga. Bati linagonga sufuria.

Kopo!

Akatoka mbio. Mlangoni pa jikoni akasimama. Mama yake ameketi kwenye kiti, magoti karibu na jiko, viganja vinaota moto. Sufuria imefunikwa, mfuniko unaruka.

"Mwanangu, maji yako ya chai yalikuwa yananung'unika tu," mama akasema, amefurahi. "Nikakufunikia, nikakuongezea moto."

Sindano akalitazama jiko. Akilizima jiko, uso wake utakuwa juu ya sufuria. Mtungi wa gesi uko nje, nyuma ya ukuta; lakini mama yuko ndani.

"Mama, twende nje."

"Nje kuna baridi. Ngoja chai."

"Mama, nakuomba."

"We mtoto, tangu lini unaniomba? Leo umeharibu nini?"

Nga, nga, nga. Sindano akambeba, yeye mwembamba vile, mama akimpiga ngumi za mgongo na kuuliza kama amegeuka robota la vitambaa. Akamtua nyuma ya ukuta, akahangaika na mtungi mpaka ukafungika. Moto ulizimika. Lakini maji yaliyokwisha kuchemka hayaambiwi poa yakapoa. Bati likaendelea kule ndani, polepole sasa, kama mtu anayebisha na hana haraka.

"Nani yumo?" mama akanong'ona, na sasa naye akaogopa.

Geti likalia. Kaka huyo, begi begani, moja kwa moja kwenye mlango wa jikoni kama alivyozoea tangu utotoni. "Hodi wenyewe! Nasikia chai inacheza!"

"Kaka, usiingie!"

"Kuna nini?" Mkono uko kwenye kitasa.

Hapo Sindano akaona uongo wote alioushona haumvishi mtu. Akisema mbuzi, kaka atacheka na kuingia. "Kopo la rangi liko motoni! Litapasuka!"

"Rangi ya nini?" Kitasa kinazunguka.

Sindano akaruka, akamkamata kola. Shati likafumuka bega zima, wakaanguka wote juu ya begi. Ndani kukalia PAA! Dirisha likaingia ufa, mfuniko ukasikika ukigonga dari, kisha kimya. Wekundu ukaanza kuteremka kwenye kioo cha dirisha, mchirizi mmoja, halafu mwingine.

"Chai imemwagika?" mama akauliza.

Kupitia palipobaki peupe pa kioo, kaka aliona kile kiti cha mama kimelala chali, chekundu upande ulioelekea jiko. Akageuka akalitazama gari lake, lenye pengo ubavuni mahali pa kifuniko. Hakupaza sauti.

"Mdogo wangu, nilikuuliza kwenye simu. Gari langu halijambo?"

Sindano alikuwa amemshika mama yake mkono, hauachii.

"Mama hajambo," akasema, machozi yanamtoka. "Gari nililigonga mimi, kaka. Kwenye geti. Mimi mwenyewe."