Fito za Pasaka

Wiki moja kabla ya Pasaka, wanachama wa chama cha milimani walikusanyika kibandani, kaskazini kabisa mwa Norwe, kuchomeka fito kwenye theluji ili wageni wanaoteleza kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni, wasipotee ukungu ukishuka. Torunn, mtunza kibanda, alikuwa anamimina kahawa. Kikombe cha mwisho akampa mdogo wake Eivind, aliyefukiwa na maporomoko ya theluji Pasaka iliyopita.

Theluji ya mabegani mwa Eivind haikuyeyuka hata karibu na jiko. Wenzake wawili waliofukiwa naye walikuwa wanamenya machungwa. Msaragambo ni msaragambo, kazi ya wote huku hakuna anayeikacha.

"Aisee Eivind, umepungua!" mwenyekiti Halvard akamtania. "Fito utaziweza kweli?"

"Nakushinda wewe na kitambi chako, mzee."

Wakacheka. Torunn hakucheka.

"Mwenyekiti, mwaka huu njia ipite ng'ambo ya ziwa. Ile ya mwaka jana inapita chini ya mteremko, na theluji imening'inia tena juu yake, si unaiona?"

"Naiona. Lakini ng'ambo hakuna jua, na wageni wanafuata jua. Halafu kamati ilishapitisha."

"Basi waulize hawa watatu!"

Halvard akawageukia. "Jamani, njia ya mwaka jana ilikuwaje?"

"Nzuri," mmoja akajibu, akitema mbegu. "Mpaka pale katikati."

"Umesikia? Nzuri."

Nje, Torunn akaushika mzigo wa fito wa mdogo wake. Vidole vikamfa ganzi.

"Eivind, wewe ndiye unatangulia. Chomeka ng'ambo, watakufuata tu."

"Dada, kazi ya wote hii. Nijifanye najua kuliko wenzangu?"

"Si unajua kuliko wenzako!"

Eivind akamtazama kwa huruma, kama vile Torunn ndiye aliyekufa. Akavaa ski zake. Fito zikapita chini ya mteremko, mstari umenyooka kuliko miaka yote.

Alhamisi wakatokea wageni wa kwanza, baba, mama na mabinti wawili, wanafuata fito huku wanaimba. Torunn akatoka mbio, akawapungia mikono yote miwili warudi. Nao, wakiwa chini ya mteremko, wakampungia kwa furaha, maana mlimani kila mtu humsalimia mwenzake.

Ndani, Eivind na wenzake walikuwa wameshasogea kwenye benchi, wakaacha nafasi ya watu wanne.

"Magodoro yapo?" Eivind akauliza.

Torunn akapanda darini kuyateremsha.