Dawa Iliyomaliza Wagonjwa Arobaini

Kampuni ilikuwa imetangaza, kwa herufi nene na bila kupepesa macho, kwamba imeua watu arobaini. Neno kuua haikulitumia. Ukurasa wa tatu wa muhtasari wa ripoti yake ya mwaka, ule unaotolewa kwa Kiswahili kwa ajili ya wanahisa wadogo, ulisema hivi: "Katika awamu ya pili ya majaribio, dawa yetu ilimaliza wagonjwa wote arobaini bila usumbufu wowote."

Shangazi aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaisoma tena. Wagonjwa walikuwa bado wamemalizwa.

"Bila usumbufu!" alisema. "Yaani hata kelele hawakupiga, masikini."

Ilikuwa Ijumaa saa sita mchana, nao walikuwa watatu katika kibanda cha fundi simu: Shangazi, ambaye ni mkunga aliyestaafu mwaka uliopita; fundi mwenyewe, ambaye alikuwa amemwoa mpwa mkubwa wa Shangazi; na mpwa mdogo, dada wa huyo mke, ambaye kiwanda kizima cha uchapaji alikofanya kazi kilimwita Nukta. Jina hilo alipewa siku aliposimamisha mtambo ukiwa katikati ya kuchapa vitabu elfu mbili, kwa sababu nukta moja ilikuwa imekaa nje ya mabano. Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Alilipwa ili aone makosa, na hata pale asipolipwa aliyaona bure.

Watatu hao walikuwa na kikundi chao cha kununua hisa. Sehemu kubwa ya pesa ilikuwa ya Shangazi, kiinua mgongo chake cha miaka thelathini na mbili ya kupokea watoto wa watu. Ndoto yake ilikuwa kufungua chumba cha kujifungulia chenye vitanda vinne na maji ya moto, na hisa za kampuni ya dawa ndizo zilizobeba ndoto hiyo. Nukta ndiye aliyemshauri azinunue. Sasa tangu jana mchana, muhtasari ulipotoka, bei ilikuwa ikiporomoka, na juu ya kaunta, kati ya skrubu na simu zilizofumuliwa, ilikuwapo fomu ya dalali wa hisa ya kuuza zote. Ilitakiwa kumfikia kabla ya saa tisa, ikiwa na saini tatu. Mbili zilikuwa tayari.

"Shemeji, kalamu hiyo hapo," alisema fundi. "Au tukuletee yenye wino wa dhahabu?"

Nukta hakuigusa. Alikuwa ameinamia muhtasari, kidole kikitambaa chini ya mstari.

"Hii sentensi ni mbovu," alisema.

"Wagonjwa wamekufa, wewe unaangalia sentensi!"

"Hawajafa. Mwandishi amepindua. Alitaka kusema wagonjwa walimaliza dawa, akasema dawa ilimaliza wagonjwa. Hebu fikirini, kampuni gani itaua watu arobaini halafu iweke na 'bila usumbufu wowote'?"

"Kampuni ya kinyama," alisema Shangazi.

"Shangazi, ni mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula."

Fundi alicheka kicheko cha puani. Alikuwa mtu mwema, mwenye mikono mitulivu kuliko ya mpasuaji, lakini tangu mwanzo hakuipenda ile kampuni ya dawa. Roho yake ilikuwa kwenye kampuni moja ya teknolojia iliyokuwa ikipanda kila wiki. Aliizungumzia kama kijana anavyomzungumzia mchumba.

"Mimi nilisema mapema. Dawa ni kungoja miaka kumi, halafu mwisho unaambiwa panya ndio waliopona. Teknolojia ni leo leo. Tuuze, tununue ile ya wingu."

"Inauza nini?" aliuliza Nukta.

"Shemeji, usianze."

"Nimeanza. Mwambie Shangazi, kwa sentensi moja, inauza nini."

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wao wa siku zote. Nukta hakununua hisa ya kampuni yoyote kabla hajaandika kazi yake kwa Kiswahili, katika sentensi moja ambayo Shangazi angeielewa bila kuuliza swali. Alikuwa na daftari zima la sentensi hizo. Kuhusu kampuni ya dawa aliandika: "Wanafuga hamira, na hamira inawatengenezea dawa ya kisukari ya kuchoma mara moja kwa wiki." Kuhusu kampuni ndogo ya programu, ambayo hisa zake alizinunua kwa mshahara wake mwenyewe: "Inamwambia mwenye duka ni bidhaa gani inakaribia kwisha." Si kwamba aliichukia teknolojia. Alichochukia ni kampuni inayojificha ndani ya maneno, kwa sababu aliamini kwamba anayeshindwa kusema anauza nini, huenda hauzi kitu. Za dawa alizipenda kwa kuwa ni lazima ziseme: tumempa nani, kiasi gani, akawaje. Hata hivyo alikuwa mwepesi kukiri kwamba nyingi huishia njiani, na ndiyo maana alimkatalia Shangazi asiweke humo kiinua mgongo chote. Theluthi, basi.

"Inauza..." fundi alikuna kichwa kwa bisibisi. "Inauza suluhisho."

"La nini?"

"La mahitaji ya wateja."

"Mahitaji gani, baba?" aliuliza Shangazi, kwa nia njema kabisa.

"Ya... ya kidijitali."

"Umeona?" alisema Nukta. "Hilo si wingu, ni ukungu."

Mteja aliyekuwa akisubiri simu yake mlangoni aliangua kicheko. Fundi akanuna, na Shangazi akapiga kaunta kwa kiganja hadi skrubu zikaruka.

"Sikilizeni nyie! Nimepokea watoto elfu tatu na ushei kwa mikono hii. Sitalaza mzazi kwenye kitanda kilichonunuliwa na dawa iliyoua watu. Mwanangu, weka saini."

"Hapana, Shangazi."

Yule mteja wa mlangoni alijifanya anasoma bei za kava za simu.

"Umesemaje?"

"Nimesema siweki. Sheria ya saini tatu uliitunga mwenyewe, ili tusiuze kwa hasira. Leo una hasira."

"Pesa ni za nani?"

"Zako."

"Jasho ni la nani?"

"Lako. Na bado siweki." Huyu ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, na Nukta hakuwa amewahi kumtazama usoni akamwambia hapana. "Nipe saa mbili. Muhtasari ni kurasa tano. Ripoti kamili ina kurasa mia moja na ushei, na lazima kuna jedwali la wagonjwa. Nikikosa, nitasaini kwa mikono miwili."

Akatoka mbio. Shangazi alibaki akiitazama njia. "Mtoto ana kiburi huyu," alimwambia fundi. "Sijui kakitoa wapi." Fundi, ambaye alijua kilikotoka na alikuwa amekaa nacho meza moja, alishika adabu yake.

Kiwandani, Nukta aliifungua ripoti kamili kwenye kompyuta ya chumba cha usahihishaji. Jedwali lilikuwa ukurasa wa themanini na nne, namba ndogo kama chawa. Alipotaka kulichapa akakuta mtambo mdogo umefunguliwa tumbo kwa matengenezo. Uliobaki ni ule wa mabango. Msimamizi alimtazama kwa jicho la swali, akamtazama tena, kisha akaona heri aendelee na chai yake.

Saa nane na robo Nukta alirudi kibandani akiwa amebeba begani karatasi iliyoviringwa kama mkeka. Waliikunjua juu ya kaunta, ikaifunika, ikamwagika pande zote hadi sakafuni. Kila namba ilikuwa kubwa kama sahani.

"Mungu wangu," alisema fundi. "Hii hata abiria wa ndege wanaisoma."

Nukta alimpa Shangazi kiti, akasogea pembeni. Hili lilikuwa jedwali la vipimo vya wagonjwa, na ndani ya kibanda hicho alikuwamo mtu mmoja tu aliyekuwa amezisoma karatasi kama hizo maisha yake yote.

Shangazi alivaa miwani. Alianza mgonjwa wa kwanza, akateremka. Sukari ya mwanzo, sukari ya wiki ya kumi na mbili, sukari ya wiki ya ishirini na nne. Uzito wa mwanzo, uzito wa mwisho. Midomo yake ilicheza bila sauti. Alipofika wa kumi na saba alisimama.

"Huyu kaongezeka kilo mbili."

"Ndiyo."

"Wiki ya ishirini na nne, baada ya kumaliza sindano zote, kapimwa, kakutwa kaongezeka kilo mbili." Alimgeukia fundi. "Mwanangu, wewe ni mtu wa mashine, hujui haya mambo. Nikuulize. Umewahi kuona maiti inanenepa?"

"Sijawahi, Shangazi."

"Na huyu wa thelathini na moja kalalamika muwasho mkononi. Maiti inawashwa?"

"Haiwashwi."

"Basi hawajafa!" Na hapo kicheko kikamtoka, kicheko kile cha wodini kilichokuwa kikiwatoa wazazi hofu, alicheka hadi akavua miwani, na fundi akaambukizwa, na mteja wa mlangoni akaingia ndani kabisa kuangalia karatasi, akahesabu wagonjwa kwa kidole na kuthibitisha kwamba wote arobaini wapo.

"Ila, Shangazi," alisema Nukta, "hii haina maana kwamba dawa itafaulu. Bado awamu ya tatu, watu elfu mbili, miaka miwili. Inaweza ikaanguka."

"Ikianguka ianguke kwa ukweli," alisema Shangazi, akaichana fomu vipande vinne. Saa tisa ilipita juu yao hata hawakuiona.

Jioni hiyo Nukta aliiandikia kampuni barua ya mistari sita, akiwaonyesha sentensi yao na sentensi sahihi, na kuwashauri kwamba mhusika apewe likizo. Haikujulikana kama ni barua yake au za wengine, lakini Jumatatu asubuhi kampuni ilitoa masahihisho: wagonjwa wote arobaini walimaliza dawa. Kufikia mchana bei ilikuwa imerudi karibu pale ilipokuwa kabla ya kushuka.

Watatu walikutana tena kibandani. Shangazi alikuja na chupa ya chai na furaha ya kutosha mtaa mzima. Fundi naye alikuwa na karatasi mfukoni. Alikuwa ameihangaikia Jumapili nzima. Akakohoa, akasoma: "Inawakodisha watu nafasi ndani ya kompyuta zake kubwa, ili mafaili yao yasipotee hata simu ikiingia kisimani."

Nukta aliikagua akilini, akatafuta pa kuikosoa, akakosa.

"Hiyo ni sentensi," alisema. "Tena nzuri. Tununue kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi ambacho ikianguka hutanuna."

Fundi aliona amepata ushindi, na mtu aliyeshinda hujisikia mkarimu. Alimimina chai, akampa Shangazi kikombe kwa mikono miwili, kisha akasema, "Sasa limebaki moja, shemeji. Neno ulipatia. Lakini siku ile, kabla hujaliona hilo jedwali, ulimkatalia mzazi wako pesa zake mwenyewe, mbele ya mteja. Muombe radhi, yaishe."

Shangazi alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa. "Kweli," alisema polepole. "Sijakasirika tena. Lakini kale kaneno kangenikaa vizuri."

Nukta aliweka kikombe chake chini. Akamsogelea, akapiga goti, akaishika ile mikono ya watoto elfu tatu. Fundi alitabasamu, akijua kinachokuja.

"Shangazi, nakupenda kuliko macho yangu," alisema Nukta. "Lakini nikikuomba radhi ni sawa na kukuahidi kwamba siku nyingine ukija na hasira nitasaini. Na sitasaini. Kwa hiyo siombi radhi."