Lafaele Anakula Wapi?

Habari za Lafaele zilikuwa zinakuja kwa basi. Kila asubuhi Asomua, dereva, alisimamisha basi lake la mbao mbele ya mkahawa wa Epenesa, akashusha magunia ya magimbi na abiria mmoja wawili, kisha akatoa kichwa dirishani na kueleza, bila hata kuulizwa, Lafaele, ndugu yake Epenesa, alikula wapi jana.

Jumatatu alikula gatini Salelologa, samaki wa kukaanga na shelisheli. Jumanne alikula kwenye kibanda kilicho karibu na maporomoko ya maji, wali kwa kuku, na mwenye kibanda akamsifu kuwa ni mtu mpole, sauti yake ya chini. Habari ya Jumatano ndiyo iliyomchoma Epenesa. Siku hiyo Lafaele alinunua bakuli la tambi kwenye duka la Mchina, akazila kando ya gari lake, mchana kweupe, watu wanapita.

"Alikula amesimama?" Epenesa aliuliza.

"Wima, shemeji. Kama mtu asiye na kwao." Asomua alikuwa binamu ya mume wake, na utani ulikuwa haki yake. "Labda chakula chako kimemshinda. Watu wakishazoea vya Nyuzilandi huwa na matumbo laini."

"Ondoa gari lako mlangoni kwangu."

Basi likaondoka na muziki wake. Epenesa alibaki na ufagio mkononi, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Lafaele alikuwa ndugu yake wa pekee. Alikuwa amekaa Nyuzilandi miaka kumi na miwili kwenye kiwanda cha kusindika nyama, na sasa alikuwa amerudi Savaii kuijenga upya nyumba ya wazazi wao, kule kijijini kwao upande wa kusini wa kisiwa. Epenesa yeye aliolewa upande wa kaskazini, kwa akina Uili, mumewe, na hapo ndipo alipofungua mkahawa: meza sita za plastiki, paa la makuti, kibao kilichoandikwa jina lake kwa rangi ya bluu. Tangu aliposikia Lafaele anakuja alikuwa ameitenga meza moja, ile iliyo karibu na barabara, yenye upepo mzuri. Aliitandikia kitambaa. Na kila siku alipika palusami, majani machanga ya magimbi yaliyofungwa pamoja na tui zito, kwa sababu Lafaele wa utotoni angeuza shati lake kwa palusami. Kila siku ikaliwa na watalii.

Alipompigia simu, jibu lilikuwa lile lile. "Nitakuja, dada." Lini, hasemi. Mara mbili alimwona akipita na gari la kukodi lililosheheni mbao na mabati. Alipiga honi, akainua mkono, akazidi kukanyaga mafuta.

Alhamisi hiyo Epenesa hakutulia hata dakika moja. Aliungua kidole. Alitia chumvi mara mbili kwenye supu, akaimwaga, akaanza upya. Mke na mume wa Kijerumani waliokuwa wakila samaki wake mbichi wa tui na ndimu walimsifia, wakamwuliza ni wapi pengine kisiwani wangepata chakula kizuri kesho yake.

"Mwulizeni ndugu yangu," akasema. "Yeye ameshazunguka kote."

Wajerumani walicheka kwa adabu. Hawakuelewa, na yeye hakuwa na nguvu ya kuwaeleza.

Pembeni mwa mkahawa, ndani ya nyumba ya ukoo isiyo na kuta, mama mkwe wake Vaasili alikuwa amekaa sakafuni akisuka mkeka. Kutoka pale aliona kila kitu, na alichokosa kukiona alikisikia.

"Epenesa, kaa chini. Unanizungusha kichwa. Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sijachoka, mama."

"Sikuuliza kama umechoka."

Lakini Epenesa alishavua aproni. Basi la Asomua lilipopita tena kuelekea Salelologa, alilipanda akiwa na kandambili za jikoni miguuni.

Alimkuta Lafaele sokoni, kwenye benchi la mama mmoja anayeuza mchuzi wa nyama. Amenenepa kidogo, kichwa kimeanza kupata upara, lakini shingo ilikuwa ile ile ya baba yao. Alipomwona Epenesa alisimama haraka hata kijiko kikaanguka. Akasukuma sahani mbali, akapangusa benchi kwa kiganja, akamwonyesha akae.

"Sikuja kukaa," Epenesa alisema. Alikuwa amepanga kumkumbatia kwanza. Maneno yalitangulia. "Nimekuja kuona chakula kinachokuzuia kuja kwangu."

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Unakula kwa Mchina, umesimama, na mimi nina mkahawa. Basi zima linanicheka. Mkahawa wangu mchafu?"

"Sikusema hivyo."

"Basi sema ulivyotaka kusema."

Lafaele aliangalia chini, kama kila mwanamume wa kisiwa hicho anavyofanya dada yake anapokasirika. Muuza mchuzi naye akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Pale kwako siwezi kukaa," alisema mwishowe. "Ila nitakuja. Nilitaka kuja Jumapili."

"Jumapili!" Moyo wa Epenesa uliruka kwa hasira. "Jumapili kisiwa kizima kimefungwa. Jumapili sipiki, na wewe unajua sipiki. Unachagua siku ambayo hakuna chakula changu cha kula?"

"Dada..."

"Kesho mchana nitaweka sahani yako mezani. Nitakuletea mwenyewe, kwa mikono hii. Usipokuja kesho, basi usije tena kwangu."

Alikwisha kusema. Aliona uso wa Lafaele ukibadilika, kwa sababu neno la dada kwa ndugu yake si la kuchezea, na wote wawili walilelewa wakiliogopa. Angeweza kulirudisha palepale. Badala yake aligeuka, akaenda kungojea basi juani, na mchuzi wa Lafaele ukabaki pale ukipoa bila kuguswa.

Ijumaa aliweka sahani. Palusami mbili, gimbi la kuchemsha, kipande cha samaki mnono. Akaifunika kwa jani la mgomba. Kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya ainuke. Moja lilikuwa la mwuza barafu, jingine la mchungaji wa kanisa. Mtalii mmoja akataka kukaa meza ile, akafukuzwa kama mbwa. Kufikia alasiri tui lilikuwa limeganda juu ya majani, na Epenesa alichukua sahani, akammwagia nguruwe chakula chote. Nguruwe alifurahi sana. Ni yeye peke yake aliyefurahi siku hiyo.

Hasira iliisha siku hiyohiyo, ikamwachia hofu. Jumamosi alipiga simu ikawa imezimwa. Akapiga tena. Akamtuma Asomua aulize gatini, sokoni, kwa Mchina; hakuna aliyemwona Lafaele akila mahali popote.

"Hali chakula?" Epenesa aliuliza.

"Ama amefunga, shemeji, ama amepanda ndege." Asomua aliona uso wake, akaacha utani. "Nitauliza tena Jumatatu."

Jioni ikaja, na kombe la baharini likapulizwa. Katika saa ya sala ya jioni hakuna mtu anayetembea barabarani katika kijiji hicho, na walinzi wa sala husimama na fimbo zao kuhakikisha. Kwa hiyo hata mwenye kiguu na njia kama Epenesa ilibidi akae chini, miguu imekunjwa, karibu na mama mkwe wake. Uili akasoma Biblia. Wakaimba. Wakaomba. Epenesa alimwomba Mungu jambo moja tu, tena kwa haraka.

Walipomaliza, Vaasili hakuinuka.

"Ile sahani ya jana," alisema. "Nani angempelekea Lafaele?"

"Mimi, mama. Mkahawa ni wangu."

"Na yeye angefanya nini?"

"Angekaa pale, kwenye meza..." Epenesa akasita.

"Endelea. Angekaa kitini. Dada yake angembebea sahani, angesimama pembeni akingoja amalize, kisha angeondoa miiba ya samaki. Hapo barabarani, watu wote wanaona. Dada zake Uili wakija humu ndani, nani huwabebea chakula?"

"Uili."

"Pamoja na uvivu wake wote."

Uili alikohoa, akaendelea kukunja miwani yake.

Epenesa aliona aibu ikimpanda kutoka tumboni hadi masikioni. Hili hakufundishwa ukubwani. Alilijua kabla ya kujua kusoma: ndugu ndiye anayewasha moto, dada ndiye anayekula kwanza. Lafaele mdogo, magoti meusi kwa masizi, alikuwa akimletea kipande cha kwanza cha kila kitu, na hakuwa akikigusa chake mpaka yeye ameanza.

"Usijilaumu sana," Vaasili alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko kawaida. "Ulikuja hapa bi harusi. Mke katika nyumba ya watu hutumika, nami sikukuonea huruma. Ulitupikia sisi, ukawapikia wazee, ukafungua mkahawa ukawapikia Wazungu. Umetumika hata umesahau kwamba yuko mtu mmoja duniani ambaye kwake hutumiki."

"Nimemwambia asije tena, mama."

"Nilisikia. Soko zima lilisikia, na basi likaleta habari."

Maji yakimwagika hayazoleki. Epenesa alilala akigeuka huku na huku mpaka Uili akahamia mkeka mwingine.

Kulipoanza kupambazuka alinusa moshi. Jumapili asubuhi kijiji kizima hunuka moshi, kila jiko la nyuma likichoma mawe ya tanuri kwa ajili ya chakula cha baada ya kanisa, kwa hiyo mwanzoni hakushtuka. Akadhani ni Uili. Kisha akamsikia Uili akikoroma.

Akatoka peku. Nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha jiko, mwanamume mwenye kipara kinachoanza alikuwa ameinama, kifua wazi, akigeuza mawe mekundu kwa koleo la mti. Pembeni yake kulikuwa na kapu la magimbi yenye udongo mweusi wa kwao, rundo la majani machanga, nazi zilizokunwa, na nguruwe mdogo aliyekwisha kusafishwa.

"Lafaele."

Hakugeuka mara moja. Alishusha koleo kwanza, akafuta mikono kwenye kitambaa cha kiunoni.

"Ulisema nisije tena kwako, dada. Sikuja mezani. Nimepitia nyuma."

"Jana hukuonekana popote."

"Nilikuwa shambani kwa baba. Magimbi yamemezwa na magugu, ilinichukua siku nzima kupata yanayofaa. Simu nimeiangusha matopeni." Akalitazama kapu. "Sikutaka kuja mikono mitupu. Ndiyo maana nilikuwa nasubiri Jumapili. Kama bado umekasirika nitamaliza kupika, nitaondoka kabla ya kengele ya kanisa."

Epenesa alitaka kusema mengi. Alitaka kulirudisha neno lake la sokoni kipande kwa kipande. Alichoweza ni kuokota jani moja la gimbi lililoanguka chini, na mkono wake, kwa mazoea, ukaanza kulikunja kikombe ili utie tui.

Lafaele alilichukua jani lile mkononi mwake, polepole.

"Nenda ukajitayarishe kwa kanisa, dada. Hapa si pako leo."

Walienda kanisani wakiwa wamevaa nyeupe, na Epenesa hakusikia neno hata moja la mahubiri. Waliporudi, Vaasili alikuwa ameshasogeza mikeka yake. Alimwonyesha Epenesa mahali pa kukaa, na palikuwa mbele ya nyumba, kwenye nguzo upande wa barabara, mahali ambapo Epenesa huwakaribisha wakubwa kisha huondoka. Alikaa. Hakujua mikono aiweke wapi. Asomua, ambaye Jumapili hali chakula kwake kama kuna nguruwe kwa wengine, alikuja akakaa mbali.

Lafaele aliingia kutoka nyuma ameinamisha mgongo, amevaa shati safi, akibeba sinia ya majani ya mnazi. Aliiweka mbele ya dada yake kwa mikono miwili: palusami, gimbi, mgongo wa nguruwe wenye ngozi iliyokauka vizuri. Kisha akarudi nyuma, akakaa kando, macho chini. Hakuna aliyekula. Uili, mama yake, Asomua, wote wakamngoja Epenesa aanze.

Epenesa alizoea kula akiwa amesimama, kijiko kimoja sufuriani, kingine baadaye, sikio likisikiliza wateja. Sasa nyumba nzima ilikuwa kimya kwa ajili yake, naye akabaki akiitazama sinia.

"Kula, mwanangu," Vaasili alinong'ona. "Na sisi tuna njaa."

Akafungua palusami. Mvuke ukampiga usoni, jambo lililomsaidia, kwa sababu machozi yalikuwa tayari yameanza kumtoka. Alikula tonge la kwanza. Alikula la pili. Miguu yake, ambayo wiki nzima haikutulia, ilikuwa imekunjwa chini yake kimya.

"Chumvi, dada?" Lafaele aliuliza kutoka nyuma.

Chumvi ilikuwa sawasawa kabisa.

"Imepungua kidogo," Epenesa alisema, na ndugu yake akainuka mbio kwenda kuileta.